Risasi Zinazohesabika

Katikati ya mapigano, mtu mmoja anaishiwa risasi. Ni Val Kilmer, anayeigiza jambazi aitwaye Chris Shiherlis katika filamu ya Heat ya mwaka 1995. Yuko Mtaa wa Flower, katikati ya jiji la Los Angeles, begi la fedha za benki limemning'inia begani na polisi wametanda mbele yake. Bunduki inanyamaza. Anajibanza, anachomoa magazini iliyokwisha, anachomeka nyingine, anagonga kitufe cha ubavuni, na papo hapo anafyatua tena. Kamera haikukatwa. Haikusogezwa karibu ili tumwone vizuri, wala hakuna muziki wa kututahadharisha kwamba kuna jambo la kutazama. Macho ya Kilmer hayako kwenye mikono yake. Yako kwa wanaomwinda. Mikono inajua kazi yake yenyewe.

Kipande hicho ndicho ninachomwonyesha mtu akiniuliza ni kwa nini ninayatazama mapigano ya bunduki kwenye filamu kwa heshima ambayo wengine huiweka kwa wachongaji na wapiga ala. Bunduki ya filamu ni ya uongo. Ni lazima iwe ya uongo, maana pale ilipokuwa ya kweli watu walikufa. Kazi ya fundi basi si kutuletea ukweli mzima mzima. Ni kuipa risasi ya uongo gharama yake. Risasi ihesabike. Iumize sikio, ichoshe mkono, na ikishatoka isirudishike. Filamu nyingi hazijishughulishi na kazi hiyo, na chache zinazojishughulisha zimefanya hivyo kwa bidii ambayo mtazamaji haioni, anaihisi tu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Bunduki aliyoishika Kilmer ni Colt fupi ya ukoo wa M16, na magazini yake huchukua risasi 30. Bunduki za aina hiyo zikiachiwa mfululizo hufyatua kati ya risasi 700 na 950 kwa dakika. Gawanya mwenyewe: magazini nzima inaisha ndani ya sekunde mbili, mbili na nusu hivi. Mtu akikaza kidole bila kukiachia, hata sentensi moja fupi hataimaliza kabla hajabaki ameshika chuma kitupu. Sasa kumbuka filamu za mapigano tulizokulia nazo kwenye vibanda umiza, kwenye benchi la mbao, jenereta ikinguruma nje. Stelingi alikuwa akifyatua tangu mwanzo wa kanda hadi mwisho. Rambo aliishika M60 kwa mkono mmoja, bunduki yenye uzito wa kilo 10 na zaidi kabla hata haijawekewa mkanda wa risasi, na mkono haukutetemeka. Tulikuwa na kanuni yetu iliyojulikana kuanzia Kariakoo hadi River Road: stelingi hafi. Kanuni ya pili haikusemwa, lakini kila mtoto aliifahamu: risasi za stelingi haziishi, na za adui hazimpati.

Sizitaji filamu hizo kwa kuzidharau. Zilikuwa na raha yake, na wasimulizi wetu waliozitia maneno, kama DJ Afro wa Kenya, waliongeza juu yake ufundi mwingine kabisa unaostahili kuandikiwa makala yake. Ninachosema ni kwamba risasi isiyoisha haina thamani, na mapigano ya vitu visivyo na thamani hayawezi kumtia mtu hofu. Waongozaji wanaolijua hilo wanaitumia magazini tupu kama mtunzi wa tamthilia anavyotumia mlango uliofungwa. Mtu aliyeishiwa risasi ana sekunde mbili tatu za kuwa mnyonge, na katika sekunde hizo tunajua yeye ni nani.

Michael Mann, aliyeandika na kuongoza Heat, hakuuacha unyonge huo kwa bahati. Aliwaleta waalimu waliowahi kutumikia SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, mmoja wao Andy McNab, mwingine Mick Gould, na waigizaji wakafundishwa viwanjani kwa risasi za moto kabla ya kamera kuwashwa. Matunda ya mafunzo hayo hayapo kwenye kulenga shabaha, kwa kuwa siku ya kurekodi hakuna shabaha inayolengwa. Yapo kwenye miguu. Tazama namna Robert De Niro na Kilmer wanavyorudi nyuma kati ya magari: mmoja akipiga, mwenzake anasogea, aliyesogea akishapata pa kujikinga, yeye ndiye anayepiga na yule wa kwanza anasogea. Hawapigi kwa kelele na hasira. Wanapiga mafungu mafupi, wanakoma, wanatazama, wanapiga. Kitako cha bunduki kimekaa begani, shavu limelala juu yake, na mwili umeinama mbele kidogo kulipokea teke. Tom Sizemore, jambazi wa tatu, ni mnene na anatweta, na uchovu wake una maana, kwa sababu kukimbia na begi lililojaa noti huku unafyatua bunduki ni kazi ya kubeba mizigo.

Mtazamaji asiyewahi kushika bunduki hajui lolote kati ya hayo. Lakini anajua tofauti ya mtu anayefanya kazi na mtu anayejifanya anafanya kazi. Ukiwahi kumwona mwigizaji akilima kwenye filamu, jembe linapopanda tu umeshajua kama mkono ule umewahi kulima. Macho yetu yana elimu ambayo hatukusomeshwa, na Mann aliyaheshimu macho hayo.

Lakini ninachokipenda zaidi ya vyote katika tukio lile ni sauti, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe lina tabaka nyingi.

Wakati wa uporaji ndani ya benki kuna muziki wa Brian Eno, mdundo wa taratibu unaosukuma na kusukuma. Majambazi wanatoka nje. Kilmer anamwona polisi, anainua bunduki, na risasi ya kwanza inapotoka muziki umekwisha. Kuanzia hapo hakuna ngoma wala zeze wala tarumbeta ya kutuambia tuhisi nini. Kuna bunduki tu, na vioo vinavyopasuka, na watu wanaopiga mayowe.

Desturi ya sinema, tangu enzi za awali, ni kwamba mlio wa bunduki uliorekodiwa mahali pa kupigia picha hutupwa. Risasi baridi, yaani ile yenye baruti lakini isiyo na kichwa cha kutoka mtutuni, mara nyingi hulia vibaya mbele ya maikrofoni. Ama inapasuka kama fataki, ama inakizidi nguvu chombo cha kunasia. Kwa hiyo wahariri wa sauti huitoa na kuweka nyingine kutoka maktaba: mlio mnene, safi, uliotengenezwa studio, mara nyingi kwa kuchanganya sauti kadhaa ambazo si za bunduki kabisa. Ndiyo maana katika filamu nyingi bunduki iliyofyatuliwa chumbani hulia sawasawa na iliyofyatuliwa jangwani. Haina mahali. Imetoka kabatini.

Mann na wenzake, akiwemo Lee Orloff aliyekuwa mkuu wa kurekodi sauti pale mtaani, waliweka maikrofoni huku na huko na kuzinasa risasi baridi zikilia kati ya maghorofa ya vioo na mawe. Na sauti hiyo hiyo ya mtaani ndiyo iliyobaki kwenye filamu. Isikilize kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni. Kila mlio una mgongo: kwanza mpasuko mkavu, kisha ukuta wa kulia unaurudisha, kisha wa kushoto, kisha jengo la mwisho wa mtaa, na kabla mwangwi haujafa mlio wa pili umeupanda. Bunduki ikigeuzwa upande mwingine, mwangwi unageuka nayo. Mpigaji akipita kati ya nguzo mbili, sauti inabanwa na kufunguka. Jiji zima limekuwa chombo cha muziki kinachopigwa na watu wenye hofu. Hakuna maktaba yenye sauti ile, kwa sababu si sauti ya bunduki pekee; ni sauti ya bunduki na Mtaa wa Flower.

Najua watu waliokuwa na bahati ya kutowahi kuisikia bunduki ikilia karibu, na wakaitazama Heat wakaniambia ilikuwa na kelele mno, kama vile fundi mitambo alisahau kuishusha. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Bunduki ya aina ile humfikia aliyeishika kwa desibeli 150 na zaidi, na hicho ni kiwango cha kudhuru sikio kwa mlio mmoja. Hakuna jumba la sinema linaloweza kuirudisha kelele hiyo, wala halipaswi. Ila fundi anaweza kuujenga ukimya kabla ya mlio, na kutunyima muziki baada yake, ili sikio liruke lenyewe.

Ufundi huo haukuanzia kwa Mann. Aliyenifundisha kuusikia ni George Stevens, na hadithi yake inanigusa kila ninapoikumbuka. Stevens alikuwa mwongozaji wa filamu za kuchangamsha. Alimwongoza Fred Astaire katika Swing Time mwaka 1936, na mwaka 1939 alitengeneza Gunga Din, ambamo vita ni mchezo wa vijana. Kisha ikaja vita ya kweli. Alijiunga na jeshi la Marekani, akaongoza kikosi cha wapiga picha kilichofuata majeshi kuanzia Normandy mwaka 1944, kikaingia Paris, na mwaka 1945 kikafika kambi ya Dachau. Picha zilizopigwa na watu wake zilikuwa miongoni mwa ushahidi ulioonyeshwa kwenye kesi za Nuremberg. Aliporudi Hollywood hakutengeneza tena filamu ya kuchekesha.

Mwaka 1951 alikwenda Jackson Hole, Wyoming, kutengeneza Shane, filamu ya wachunga ng'ombe na wakulima wadogo, iliyotoka mwaka 1953. Kwa filamu ya aina yake, risasi ni chache ajabu. Kuna mkulima mmoja mwenye kiburi na moyo mwema, Torrey, aliyeigizwa na Elisha Cook Jr., ambaye anatembea kwenye tope mbele ya baa. Juu yake, kwenye kibaraza cha mbao, anatembea sambamba naye Jack Palance, muuaji wa kukodiwa mwenye glovu nyeusi. Mmoja yuko kwenye utelezi, mwingine kwenye mbao kavu. Mapigano yamekwisha kuamuliwa na ardhi kabla ya bastola. Wanabadilishana maneno. Torrey anaigusa bastola yake, lakini ya mwenzake imeshatoka. Halafu Stevens anafanya jambo la kikatili: anangoja. Palance ameshashinda, Torrey ameshajua, na kwa kitambo kidogo hakuna anayefyatua. Kisha mlio unatoka, mkubwa kuliko bastola yoyote, na Torrey anarushwa nyuma kwenye tope na hainuki tena.

Inasimuliwa kwamba kwa ajili ya mlio ule Stevens alitumia mzinga mdogo uliofyatuliwa ndani ya pipa la taka. Sauti nyingine zote za filamu ziliwekwa chini ili ile ipate nafasi ya kuwa juu. Na mwili wa Cook ulifungwa waya uliovutwa kwa nguvu kwa nyuma.

Waya huo una historia yake. Mtu aliyepigwa risasi harushwi nyuma. Risasi ya bastola ya milimita 9, kwa mfano, ina gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi inayokaribia mita 360 kwa sekunde. Ikimpata mtu wa kilo 75 na kubaki mwilini mwake, msukumo wake wote unaweza kumsogeza kwa kasi isiyofika sentimita 4 kwa sekunde. Ingekuwa risasi ina nguvu ya kumrusha anayepigwa, ingemrusha na anayepiga, kwa kuwa teke la bunduki na pigo la risasi vinatoka kwenye baruti ile ile. Kwa hiyo Stevens, mtu aliyeona maiti wengi kwa macho yake, alichagua uongo. Nadhani alijua. Aliona kwamba watazamaji wa mwaka 1953 walikuwa wamezoea kuona watu wakishika kifua na kuanguka taratibu, na kwamba kifo cha namna hiyo hakikuwa kifo. Waya ulikuwa njia ya kusema kwamba kitu fulani kimeondolewa duniani kwa nguvu. Baada yake wakaja waigaji, na kwa miaka mingi kila mtu aliyepigwa bunduki kwenye filamu akaruka kupitia dirisha. Waliuchukua waya wakaacha kungoja.

Ninapowasikia watu wakihesabu makosa ya bunduki kwenye filamu, hesabu ambayo naifurahia na kuishiriki, natamani wautazame uongo huu wa Stevens na ule wa magazini isiyoisha, wauweke pamoja, na waone kwamba si ndugu. Mmoja unaipa risasi uzito. Mwingine unaupokonya.

Warren Beatty aliuelewa uongo wa Stevens. Alipotayarisha Bonnie and Clyde mwaka 1967, alitaka risasi zipige kama zilivyopiga kwenye Shane. Amesimulia kwamba kwenye maonyesho ya London aliona milio imefifia, akapanda hadi chumba cha projekta, akamkuta mwendeshaji ameandaa orodha ya mahali pa kushusha sauti. Kwa wema wake wote bwana yule alieleza kwamba hajakutana na filamu iliyochanganywa sauti vibaya namna ile tangu Shane. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo. Shambulio la mwisho la filamu hiyo mwongozaji wake, Arthur Penn, alilipiga kwa kamera nne zilizokwenda kwa kasi tofauti, na vilipuzi vidogo vikapasuka kwenye nguo za waigizaji kuonyesha kila risasi inapoingia. Njia ya Sam Peckinpah na waongozaji wengine ikafunguka hapo.

Kuna uongo mmoja ambao sijapata kuuona ukitumiwa vizuri, nao ni wa kiwambo cha kupunguza sauti. Kwenye filamu muuaji anakizungusha mtutuni, anafyatua, na panasikika kitu kama pumzi. Mtu aliye chumba cha pili anaendelea kunywa chai. Kiwambo cha kweli hupunguza desibeli 20 hadi 35 hivi. Hilo linaokoa masikio, lakini bastola inabaki na kelele ya kuamsha nyumba. Na ikiwa risasi inakwenda kasi kuliko sauti yenyewe, mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa njia nzima na hakuna kiwambo cha mtutuni kinachoweza kuuzuia mpasuko huo. Aliyekifanya kifaa hicho kiwe bidhaa ya dukani ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani, aliyepata hataza mwaka 1909. Baba yake alikuwa Hiram Maxim, mbunifu wa bunduki ya rashasha ya mwaka 1884, ambaye majaribio ya silaha zake yalimharibia masikio. Jina la Maxim si geni kwetu. Rashasha ndizo zilizoitawala Afrika. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Wajerumani pale Mahenge, wakiamini risasi haitawapata, na rashasha zikawafyeka mbele ya ngome. Naliandika hilo kwa kuwa watoto wa Tanzania waliosoma habari za Mahenge darasani na kisha kuingia kwenye kibanda umiza jioni, wakamwona mtu ambaye risasi kweli hazimpati, walikuwa na sababu ya kutaka mtu huyo awepo. Kanuni ya stelingi ina mizizi mirefu kuliko Hollywood.

Turudi kwenye ufundi, kwenye meza ambayo haionekani kamwe kwenye filamu: meza ya mtunza silaha.

Mtunza silaha ndiye anayeamua ni bunduki gani iingie mkononi mwa mwigizaji, imewekwa nini, na inatoka lini. Risasi baridi huja na vipimo tofauti vya baruti, kamili, nusu na robo, na yeye huchagua kulingana na umbali wa watu na kamera. Bunduki inayojijaza yenyewe inahitaji msukumo wa gesi ili isogeze vyuma vyake, na msukumo huo hujengeka kwa sababu kichwa cha risasi kimeziba mtutu kinapopita. Risasi baridi haina kichwa. Kwa hiyo mtunza silaha hufunga ndani ya mtutu kizibo chenye tundu dogo, gesi ibanwe kidogo, bunduki ifanye kazi. Ukiona kwenye filamu maganda ya risasi yakiruka kwa mpangilio mzuri, mtu fulani amekesha akijaribu matundu.

Kisha kuna risasi bubu. Bastola ya duara ikipigwa picha kutoka mbele, matundu yake yanaonekana, na lazima yaonekane yamejaa. Huwekwa risasi zenye kichwa lakini zisizo na baruti. Ili zisichanganywe na za moto, nyingi hutobolewa ubavuni, au huwekwa ndani yake kigololi kidogo cha chuma. Mtunza silaha mzuri huzichukua moja moja, huitikisa kila moja sikioni, na isiyo na tundu wala mlio haipiti. Ni kazi ya kuchosha, ya kujirudia, na hakuna zawadi ya Oscar inayotolewa kwa ajili yake.

Machi 1993, huko Wilmington, North Carolina, kazi hiyo haikufanyika inavyopaswa kwenye filamu ya The Crow. Risasi bubu zilitengenezwa kwa kuondoa baruti kwenye risasi za kweli, lakini fataki ya kitakoni haikuondolewa. Fataki moja ikalipuka, ikasukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo bila mtu kukiona. Baadaye bastola ile ile ikawekwa risasi baridi. Baruti yake ikakisukuma kile kichwa kilichokwama, na Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, akafa akiwa na miaka 28. Kila hatua peke yake ilionekana salama. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye filamu ya Rust huko New Mexico, risasi ya moto ilikutwa mahali ambapo haikupaswa kuwepo kabisa, na mpiga picha Halyna Hutchins akauawa. Mtunza silaha wa filamu hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024. Ninaposema mikono ya mafundi hawa inastahili heshima, Lee na Hutchins ndio ninaowafikiria.

Baada ya msiba wa Rust mabadiliko yalikwenda haraka. Siku iliyofuata mwongozaji mkuu wa tamthilia ya polisi ya The Rookie alitangaza kwamba hakutakuwa tena na bunduki za kweli kwenye kazi yao. Zingetumika za hewa, na mwako wa mtutuni ungewekwa kwa kompyuta. Wengine wakahamia kwenye bunduki za mpira. Nimefurahi. Hakuna mwangwi wenye thamani ya mtu. Lakini ufundi umehama, na mzigo umemwangukia mwigizaji. Bunduki ya mpira haipigi teke. Bega linapaswa kulikumbuka teke ambalo halikuja, na kulikumbuka kwa kiasi kile kile kila mara, na jicho lipepese kidogo, na mkono wa mbele urudi chini baada ya kupanda.

Kampala walikuwa wameshafika huko. Pale Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alitengeneza mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex? kwa fedha ambazo Hollywood zisingetosha chakula cha mchana cha kikosi kimoja. Bunduki zake zote hazikuwa na uwezo wa kumdhuru mtu. Ziliundwa na Dauda Bisaso kwa chuma chakavu na vipuri vya magari, zikachomelewa, na kati yake imo rashasha kubwa ya mitutu mingi. Damu ilitiwa kwenye kondomu zilizofichwa chini ya nguo na kupasuliwa kwa kuvutwa uzi. Mwanzoni ilikuwa damu ya ng'ombe, baadaye rangi ya chakula. Mwako na moshi viliongezwa kwenye kompyuta ambayo Nabwana aliiunga mwenyewe. Hakuna anayedanganyika kwamba zile ni bunduki za kweli, na filamu haimwombi mtu adanganyike. Lakini chuma ni chuma. Mtu aliyeshika rashasha ya Bisaso anaonekana ameshika kitu kizito, misuli ya shingo inatokeza, na anapotikisa mwili mzima kuigiza mfululizo wa risasi, uzito ule unamtikisa na yeye. Bunduki ya mpira ya studio kubwa haimpi mwigizaji msaada huo.

Kuhusu mwako kuna jambo moja ambalo wachoraji wa kompyuta wangefaa kulitazama kwenye filamu za zamani. Kamera ya filamu ilipiga picha 24 kwa sekunde, na kwa karibu nusu ya muda huo mlango wake ulikuwa umefungwa ili ukanda usogee. Mwako wa risasi baridi hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa hiyo katika kila mfululizo kuna risasi ambazo mwako wake haukunaswa kabisa, nyingine ulinaswa nusu, nyingine ukaijaza picha nzima kwa mwanga mweupe na kumulika uso wa mpigaji, ukuta wa nyuma yake na vipande vya kioo vilivyo hewani. Kompyuta, isipoongozwa, hubandika mwali mmoja ule ule kila kidole kinapovuta, na ukuta haumulikwi. Wanaoifanya kazi hiyo vizuri huziacha risasi nyingine gizani, na kwa zile zinazowaka hurudi kupaka mwanga kwenye shavu na kwenye kuta, picha baada ya picha.